Usimtoze mwanafunzi mgeni bei ya mgeni

Kila Januari, Mei na Septemba, mabasi na teksi zinashusha masanduku makubwa karibu na vyuo vyetu. Mwenye sanduku ametoka Juba, Goma, Mogadishu, Bujumbura au Arusha. Anatafuta bedsita, anatafuta laini ya simu, anatafuta mahali pa kula jioni hiyo. Na mara nyingi, kabla siku ya kwanza haijaisha, ameshauziwa vitu vitatu kwa bei ambayo mimi na wewe hatungekubali kulipa. Nauli ya boda imepanda mara mbili. Dipositi ya nyumba imekuwa ya miezi minne. Godoro limeongezwa elfu moja kwa sababu tu alisema "shukran" kwa lafudhi ya kwao.

Wengi wetu tunacheka na kusema mgeni ni mgeni, atajua mji baadaye. Mimi nasema hiyo bei ya mgeni ni biashara mbaya, na inaturudisha nyuma sisi wenyewe: wenye ploti, wenye vibanda, wenye maduka, na familia zinazopokea wanafunzi nyumbani. Huyu mwanafunzi ni mmoja wa wateja bora zaidi tunaoweza kupata mtaani, na tunamfukuza kwa faida ya siku moja.

Chai, parachichi na chapati ya kibandani

Ukisikia mauzo ya nje, unafikiria chai ya Kericho, maua ya Naivasha, parachichi za Murang'a. Ni sawa. Lakini wanaoandika hesabu za biashara kati ya nchi na nchi huweka matumizi ya mwanafunzi wa kigeni katika fungu moja na utalii, yaani huduma iliyouzwa kwa mtu wa nje. Chai inapakiwa melini Mombasa na kusafiri wiki kadhaa. Chapati na maharagwe zinaliwa papo hapo Rongai. Pesa imetoka kwa mzazi aliye Juba, imevuka mpaka, imetua kwenye till ya mama wa kibanda. Hakuna kontena, hakuna karatasi za forodha, na bado nchi imeuza nje.

Halafu huyu mtu hafanani na mtalii. Mtalii anakaa wiki moja au mbili, analala Mara, anaogelea Diani, na sehemu kubwa ya pesa yake inabaki kwa kampuni ya safari na kwa hoteli. Si vibaya, nchi inazihitaji. Lakini mama mboga wa Juja hamwoni huyo mtalii. Mwanafunzi anakaa miaka minne. Ananunua sukuma, gesi, sabuni, kifurushi cha intaneti, anashona viatu, ananyoa, anachapisha karatasi za mradi usiku wa manane siku moja kabla ya kuziwasilisha.

Hebu tupige hesabu ndogo ya mfano. Tuseme kodi ni shilingi 9,000 kwa mwezi, chakula 8,000, nauli 2,000, intaneti na simu 1,500. Hiyo ni 20,500. Akikaa miezi kumi kwa mwaka, ameacha mtaani 205,000, na hatujagusa karo, nguo wala daktari. Kwa miaka minne ni 820,000. Sasa weka hiyo 820,000 upande mmoja, na upande wa pili weka ile elfu moja uliyoongeza kwenye godoro.

Kuna watu watasema, sawa, lakini hawa vijana si wanachukua nafasi za watoto wetu? Swali ni la haki na linastahili jibu. Nafasi zinazolipiwa na serikali hupangwa na KUCCPS kwa Wakenya waliofanya mtihani wetu. Mwanafunzi wa kigeni huomba moja kwa moja chuoni, na kwa kawaida hujilipia, hulipiwa na familia yake au na mfadhili. Vyuo vyetu vingi vya umma vimekuwa vikilemewa na madeni ya mabilioni. Karo inayolipwa yote na mtu aliyetoka nje husaidia kumlipa mhadhiri yule yule anayemfundisha mtoto wako. Kuhusu kazi, pasi ya mwanafunzi anayopewa na Idara ya Uhamiaji ni ya kusoma, haimruhusu kuajiriwa. Kwa hivyo karibu kila shilingi anayotumia imetoka nje.

Lawama ya kodi kupanda ina uzito zaidi, na sitaikwepa. Karibu na chuo chochote kinachokua, vyumba hupanda bei, na mpangaji wa kawaida huumia. Mimi naona tatizo kubwa ni uhaba wa vyumba kuliko pasipoti ya anayepanga. Lakini hapa ndipo bei ya mgeni inapotuuma wote. Mwenye ploti akizoea kwamba kuna mtu wa kulipa zaidi bila kuuliza, bei hiyo haibaki kwa mgeni. Baada ya mwaka mmoja imekuwa bei ya ploti nzima, na wewe uliyezaliwa hapo utaambiwa uongeze au uhame.

Wenzetu wanajua thamani yake

Nchi zingine hazichukulii jambo hili kama mchezo. Marekani ilikuwa na wanafunzi wa kigeni zaidi ya milioni 1.1 katika mwaka wa masomo wa 2023/24, na chama cha waelimishaji wa kimataifa cha NAFSA kilikadiria kwamba waliingiza dola bilioni 43.8 katika uchumi wa nchi hiyo na kushikilia ajira zaidi ya 378,000. Hizo ni za wapishi, madereva, wenye nyumba na wahadhiri. Na Wakenya tumo kati ya waliolipa hizo dola.

Hapa jirani, Uganda imepokea wanafunzi wa Kenya kwa miaka mingi sana, na Kampala inajua kuwatunza. Mzazi wa Mogadishu au Juba anayetafuta chuo leo ana orodha: Kampala, Kigali, Nairobi, na hata India na Uturuki. Anapiga simu kwa binamu aliyetangulia. Binamu akisema "Nairobi nzuri lakini watakuibia dipositi," basi Nairobi imetoka kwenye orodha, na pamoja nayo zile 820,000. Hakuna tangazo la chuo litakalofuta simu ya binamu.

Kenya tuna vitu vya kuuza. Juja, ndani ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ipo taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika Nzima, kile kilichoanzishwa na Umoja wa Afrika. Taasisi zake zimegawanywa barani: Algeria wana maji na nishati, Nigeria wana sayansi za maisha na dunia, Kamerun wana utawala na sayansi za jamii, Afrika Kusini wana masuala ya anga. Sisi tumepewa sayansi ya msingi, teknolojia na ubunifu. Kwa hivyo ukikaa Gachororo au Juja mjini, yule kijana anayeuliza bei ya nyanya kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kiingereza huenda ni mwanafunzi wa uzamifu wa hisabati kutoka Benin au Chad. Roysambu na Mirema wanajua habari hizi kutoka kwa USIU, chuo ambacho kimekuwa na wanafunzi wa mataifa mengi tangu miaka ya sabini. Rongai wanazijua kutoka Africa Nazarene. Kule Nandi, Baraton imeleta wageni hadi kwenye mashamba ya chai.

Faida isiyoonekana kwenye ujumbe wa muamala

Pesa ni rahisi kuhesabu kwa sababu kila muamala unaacha ujumbe kwenye simu. Faida ya pili haileti ujumbe, na kwangu ndiyo inayodumu zaidi.

Chukua Eldoret. Mwaka 1989 madaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, na wa Chuo Kikuu cha Moi walianza ushirikiano. Mwanzoni ilikuwa ni kufundishana: wanafunzi wa udaktari wa Indiana wakija Eldoret, na wa Moi wakienda Indiana. Walikaa pamoja, wakala pamoja, wakazungushwa wodini pamoja. Ukimwi ulipokuwa unaua watu wengi magharibi mwa Kenya, uhusiano huo tayari ulikuwepo, na mwaka 2001 ulizaa mpango wa matibabu wa AMPATH, ambao leo kila mtu wa Uasin Gishu anaujua. Hakuna aliyemkaribisha mwanafunzi wa kwanza kwa chai akijua kwamba chai hiyo itafika hapo.

Au chukua familia zinazopokea wanafunzi nyumbani. Chuo Kikuu cha St. Lawrence, cha jimbo la New York, kimekuwa kikileta wanafunzi wake Kenya kwa muhula mzima tangu mwaka 1974. Sehemu ya masomo yao ni kuishi na familia, mashambani na mjini. Mtoto wa Marekani anafundishwa kusonga ugali na kusalimia wazee kabla ya kuketi. Watoto wa nyumba nao wanazoea kuzungumza na mtu wa mbali bila kuona haya. Nusu karne ya hayo si kitu kidogo. Kuna familia ambazo mama alimpokea mgeni, na sasa binti yake anapokea wa kwake.

Na hata bila programu yoyote rasmi, ploti yenye wanafunzi wa nchi tano ni darasa. Mkongo wa Bukavu anakuomba "mayi" na baada ya sekunde mbili unaelewa ni maji. Pesa kwake ni "falanga". Anapika sombe, na jirani aliyetoka Mombasa anaonja na kusema, kwani hiki si kisamvu? Ni kisamvu. Majani ya muhogo ni yale yale, Kiswahili ni kile kile kikiwa kimevaa shati tofauti. Sisi Wakenya tuna tabia ya kudhani kwamba Kiswahili kina wenyewe wawili tu, Mtanzania anayekijua na Mkenya anayekivunja. Jirani kutoka Bukavu au Bujumbura anakuonyesha kwamba nyumba hii ina vyumba vingi.

Historia ya eneo letu inathibitisha. Mwai Kibaki alisoma Makerere, Kampala, miaka ya hamsini, pamoja na vijana wa Tanganyika na Uganda. Yoweri Museveni alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia mwaka 1967 hadi 1970. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda, yeye akiwa rais, lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Sisemi miaka mitatu ya Dar ndiyo iliyofanya kazi yote. Lakini ni vigumu kuamini kwamba haikuchangia. Wewe hujui kijana anayeuliza bei ya nyanya leo atakuwa nani miaka thelathini ijayo. Anaweza kuwa waziri wa biashara wa Sudan Kusini. Anaweza kuwa mwenye duka la jumla Goma anayetafuta mahali pa kununua bidhaa, na anaikumbuka Gikomba.

Sasa tufanye nini, kivitendo?

Jambo la kwanza ni bei moja. Kama una till, weka bei ukutani na umwache kila mtu alipe ile ile. Mwanafunzi akilipa kwa simu ana rekodi ya alicholipa, na wewe pia unayo. Hakuna kubishana.

Kwa wenye nyumba, kodi ipokelewe kwa nambari ya biashara au ya akaunti inayojulikana, si kwa laini binafsi ya msimamizi wa ploti inayobadilika kila muhula. Andika mkataba hata kama ni ukurasa mmoja: dipositi ni ngapi, inarudishwa lini, nini kitakatwa. Dipositi ndiyo mahali wageni wanapoumizwa zaidi. Mwanafunzi anamaliza masomo, ana tiketi ya basi kesho asubuhi, na mwenye nyumba anajua hivyo. Anamwambia arudi wiki ijayo. Huo ni wizi wenye adabu. Rudisha pesa kwa simu siku anayokabidhi ufunguo, baada ya kukagua chumba naye. Na kama kodi zako zinafika 288,000 kwa mwaka, kumbuka rekodi hizo hizo ndizo zitakazokusaidia kulipa ushuru wa mapato ya nyumba, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Najua hiyo sehemu hukutaka kuisikia.

Panga kodi kwa shilingi, usipange kwa dola. Wanafunzi wengi hutumiwa dola, na dola haitulii. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Aliyekuwa akitumiwa dola 200 alikuwa anapata kama 32,000, kisha ghafla kama 26,000, na mzazi hajapunguza hata senti. Mwenye nyumba aliyeona mpangaji wake mzuri akianza kuchelewa mwaka ule huenda alidhani ni ujeuri. Kuna sababu zingine zilizo nje ya uwezo wake pia. Vita vilipolipuka Khartoum Aprili 2023, familia nyingi zilishindwa kufikia pesa zao kwa siku nyingi. Muulize kwanza kabla ya kufunga mlango kwa kufuli. Kodi ya nusu inayoingia leo na nusu wiki ijayo bado ni kodi.

Na kwa mwanafunzi mwenyewe, kama ndiye unayesoma hapa: usitume dipositi ya nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaiona. Matapeli huweka picha za bedsita nzuri kwenye mitandao, wanakuambia kuna watu watano wanaitaka, na wanataka "ada ya kuhifadhi" itumwe sasa hivi. Uko bado Bujumbura na umeshalipa nyumba isiyokuwepo. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako inaweza kukuelekeza kwenye hosteli zinazojulikana. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama uliambiwa mwenye nyumba anaitwa hivi na jina linatokea vile, simama hapo. Na kwa kuwa utakaa zaidi ya siku 90, sheria inakutaka ujiandikishe kama mgeni. Kuwa na hizo karatasi kutakuondolea shida nyingi, pamoja na ya laini ya simu.

Hii ya laini inawahusu wenyeji hasa, kwa hivyo nitaimalizia hapo. Mgeni akifika, anakuomba umsajilie laini kwa kitambulisho chako ili aanze kupokea pesa kutoka nyumbani. Unamwonea huruma, ni kijana mpole, unakubali. Usikubali. Kwenye rekodi, mwenye laini hiyo ni wewe. Mkopo ukichukuliwa kwa laini hiyo, ni wako. Pesa ya wizi ikipitia hapo, polisi watabisha kwako. Na yeye pia anakuwa hatarini, maana siku mkikosana pesa yake ya kodi na ya karo iko kwenye akaunti yenye jina lako, na akipoteza simu hawezi kuirudisha laini bila wewe kuwepo. Ukarimu wa kweli hapa ni kutumia saa moja ya muda wako. Mpeleke dukani na pasipoti yake au kitambulisho chake cha mgeni, asajiliwe kwa jina lake, umwonyeshe jinsi ya kuchagua namba ya siri ambayo si mwaka wake wa kuzaliwa. Epukeni tu Jumatatu ya kwanza ya muhula. Foleni inafika barabarani.